HIARI YASHINDA UTUMWA
Somo juu ya vikundi vya vijijini na fedha za Halmashauri

Somo letu la leo ni juu ya fedha ambazo Halmashauri huvikopesha vikundi vya watu, na hasa jinsi jambo hili linavyotuhusu sisi tukaao Morogoro na katika milima ya Uluguru. Twawaandikia wenyeviti wa vijiji, walimu, na kila ajuaye kusoma, ili nao wawasomee wasiojua. Maana tumeona ya kuwa watu wengi hupata habari za fedha hizi sokoni, na habari za sokoni hufika zimepungua upande mmoja na kuzidi upande mwingine. Mmoja husema, "Ni zawadi ya Serikali." Mwingine husema, "Ni mtego, usiziguse." Wote wawili wamekosea, na kosa lao limewaletea hasara hata watu wasiokuwamo katika mazungumzo yao. Basi na tuanze mwanzo.

FEDHA ZATOKA WAPI

Mnunuzi apakiaye mikungu ya ndizi katika lori kule Kinole hulipa ushuru. Mwenye duka hulipa leseni, na mwenye kibanda sokoni hulipa kodi ya kibanda chake. Fedha hizo, na nyingine mfano wa hizo, ndizo ziitwazo mapato ya ndani ya Halmashauri. Wala mkulima asidhani ya kuwa yeye hakulipa kitu kwa sababu stakabadhi haina jina lake. Mnunuzi yule aliyelipa ushuru alikwisha kuutia katika hesabu yake kabla ya kutaja bei ya mkungu. Basi mkulima naye amelipa, ingawa hakuona.

Zamani Halmashauri ziliagizwa kutenga sehemu ya mapato hayo, 5 katika kila 100 kwa wanawake na 5 kwa vijana. Lakini agizo hilo halikuwa sheria, kwa hiyo Halmashauri iliyokuwa na dhiki ilizitumia fedha zile kwa kazi nyingine, na hapana aliyeiuliza. Tena mikopo ile ilitozwa riba, na watu wenye ulemavu hawakutajwa kwa fungu lao wenyewe. Mwaka 2018 Bunge lilibadili Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na tangu hapo jambo hili limekuwa sharti. Kila Halmashauri hutenga 10 katika kila 100 ya mapato yake ya ndani, yaani yale ambayo hayakufungwa tayari na kazi maalum. Katika hizo 10, 4 ni za vikundi vya wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Kikundi kilichochukua shilingi 5,000,000 hurudisha shilingi 5,000,000.

Mwalimu aweza kuifanya hesabu hii ubaoni. Halmashauri ikikusanya shilingi 1,000,000,000 za namna hiyo, fungu la mikopo ni 100,000,000. Wanawake 40,000,000, vijana 40,000,000, wenye ulemavu 20,000,000. Ushuru ukifichwa njiani, hata ukakusanywa nusu tu, mafungu yote matatu nayo hukatika nusu. Kwa hiyo mtu apitishaye mzigo usiku ili asilipe, amewaibia majirani zake kwanza, kisha Serikali.

Yafaa pia kila mtu aijue Halmashauri yake, maana wako waliokwenda na barua zao mlango usio wao wakapoteza siku mbili na nauli. Watu wa Kinole, Matombo na Mkuyuni wamo katika Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro. Watu wa Mgeta, Nyandira na Bunduki wamo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mvomero. Na wakaao mjini, hata wale wa mitaa iliyopanda miguuni pa mlima, wamo katika Manispaa.

MKOPO SI ZAWADI

Wafugaji wa milimani walijua neno hili kabla ya karani kulitia katika karatasi. Mtu akopeshwaye mbuzi jike wa maziwa hunywa maziwa yake, hutumia samadi yake shambani, na mbuzi akizaa, mtoto wa kwanza humwendea jirani aliyekuwa akingoja zamu. Akimchinja mbuzi ili ale nyama, amekula zamu ya mwenziwe. Fedha za Halmashauri ni kama mbuzi huyo. Zikirudi hutoka tena kwenda kwa kikundi kinachofuata. Zisiporudi, kikundi kinachofuata hungoja mvua isiyo na mawingu.

Wengine huuliza, "Mbona tusiende benki?" Kwenda si vibaya, lakini tutazame hali yetu. Benki hupenda kushika dhamana, na dhamana iliyo kubwa kwa mkulima ni shamba. Nasi twajua ya kuwa katika desturi ya Waluguru shamba nyingi ni za ukoo, nazo hufuata upande wa mama. Mtu mmoja hawezi kuiweka rehani ardhi ya bibi zake kana kwamba ni baiskeli yake. Kwa mkopo wa Halmashauri kinachoshika mahali pa shamba ni kule kudhaminiana wanakikundi wenyewe. Hiyo ni heshima kubwa, na ni mzigo mkubwa pia. Maana mmoja akikimbia, deni halikimbii pamoja naye.

MILIMA ILIVYOTUFUNDISHA

Swali ni hili: kwa nini vikundi vingine hudumu na vingine hufa? Twadhani jibu limeandikwa katika udongo wa milima yetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Waingereza ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Nia yake ilikuwa kuuzuia udongo usiteremke na mvua. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, na asiyechimba alitozwa faini. Lakini mahali pengi udongo mzuri ni mwembamba. Jembe lilipoingia chini liliutoa juu udongo usio na rutuba, na mavuno yakapungua. Watu walitoa jasho wala hawakuona faida, tena hawakuulizwa shauri. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ule ukavunjika.

Je, tuseme matuta ni mabaya? Hasha. Kule Mgeta, penye mboga na maji ya mifereji, wakulima waliendelea kulima kwa matuta bila kusukumwa, maana waliiona faida katika kabichi zao. Tena, tangu mwaka 2006 na miaka iliyofuata, mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi na wakulima wa Kibungo Juu, penye mto Mfizigo, ambao maji yake huingia katika Ruvu na kuwafikia watu wa Dar es Salaam. Wakulima waliokubali kupanda miti na kuzuia mmomonyoko walilipwa kwa kadiri ya shamba walilolitunza, na Dawasco, shirika lililouza maji mjini wakati huo, lilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha. Mlima ni ule ule, na kazi ni karibu ile ile. Tofauti ni kwamba mara hii watu waliingia kwa hiari, wakaijua faida yao na sharti lao kabla ya kushika jembe.

Ndivyo ilivyo kwa vikundi. Kikundi kilichoundwa kwa amri, au kwa tamaa ya fedha iliyosikika jana, ni tuta lililochimbwa kwa hofu ya faini. Mvua ya kwanza hulibomoa.

HABARI YA VIKUNDI VIWILI

Tulipokuwa tukifanya kazi ya ukarani katika kata moja ya milimani, ambayo hatutaitaja, tuliviona vikundi viwili.

Cha kwanza kilikuwa cha wanawake 12. Walianza kwa kuweka akiba kidogo kila juma, katika kasha lenye kufuli 3, na funguo zake zilikaa kwa watu 3 wa nyumba mbalimbali. Walikopeshana wao kwa wao, fedha ya mbegu au ya sare za shule, na kila neno liliandikwa daftarini. Siku moja mweka hazina alikosea shilingi 2,000. Hawakumfukuza, wala hawakunyamaza. Walikaa mpaka jioni wakairudia hesabu, hata kosa likaonekana. Baada ya miaka miwili ya namna hiyo ndipo walipoandika barua kuomba mkopo wa kununua mdalasini na pilipili manga za wakulima, wazikaushe vizuri na kuziuza kwa pamoja.

Cha pili kilizaliwa kwa usiku mmoja. Ilisikika kwamba fedha zimekuja, na asubuhi palikuwa na majina 10 katika karatasi, na mengine ni ya watu ambao hawakujua ya kuwa wameandikwa. Barua yao ilisema watafuga kuku. Fedha zilipofika ziligawanywa siku hiyo hiyo, kila mtu na fungu lake, na kuku hakuonekana hata mmoja. Siku ya marejesho ilipofika, mwenyekiti alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi, na kila mwanachama alisema, "Muulizeni mwenyekiti."

Na sisi makarani hatukosi lawama. Barua zote mbili zilipita mezani petu, na hatukwenda kulitazama banda la kuku.

Mambo ya kikundi cha pili hayakuwa ya kata ile pekee. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza katika taarifa zake habari za vikundi hewa na za mikopo isiyorejeshwa katika Halmashauri nyingi. Mwezi wa Aprili 2023 Waziri Mkuu alitangaza Bungeni kusimamishwa kwa mikopo hiyo ili itafutwe njia nyingine. Siku habari zilipotufikia, barua ya wale wanawake 12 ilikuwa bado mezani. Mmoja wao alikuja kuiulizia. Tulipomweleza alisema neno moja tu: "Basi tumelipa deni la kuku tusiowala." Hatukuwa na la kumjibu.

Mwaka 2024 mikopo ilifunguliwa tena kwa kanuni mpya na kwa uchunguzi zaidi, na Halmashauri 10 zilichaguliwa za kujaribu kuitoa kwa njia ya benki. Mlango umefunguliwa, lakini mlango uliofungwa mara moja waweza kufungwa tena.

NJIA YA KUFUATA

Kwanza, watu wanaojuana na kuaminiana wakutane kwa hiari yao, wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nao wasiwe wa nyumba moja.

Pili, waandike katiba fupi wanayoielewa wote. Iseme siku ya mkutano, kiasi cha akiba, na itakuwaje mtu akijitoa, akiugua au akifa. Neno la kifo watu hulikwepa, lakini ndilo linalogombanisha watoto na kikundi.

Tatu, wamwendee Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ili kikundi kiandikishwe, kisha wafungue hesabu ya benki kwa jina la kikundi. Masharti ya umri na idadi ya wanachama yamebadilishwa zaidi ya mara moja tangu kanuni za mwaka 2019. Kwa hiyo wamwulize Afisa yaliyopo leo, wala wasifuate karatasi ya zamani.

Nne, waandike mpango wa kazi ambayo wameijaribu tayari kwa fedha yao ndogo. Na hesabu ya marejesho waifanye kabla ya kuomba. Kikundi cha watu 10 kilichokopa shilingi 5,000,000 za kurudishwa kwa miezi 20 hutoa shilingi 250,000 kila mwezi, yaani 25,000 kwa kila mtu. Wakiona 25,000 haipatikani mwezi wa masika, njia zinapokuwa tope na lori halipandi, waombe kidogo zaidi.

Tano, maombi hupita kwenye kata kabla ya kufika Halmashauri. Akitokea mtu anayedai chochote ili kuyapitisha, asipewe. Na jambo hilo lisemwe mbele ya mkutano wa kijiji, si pembeni.

Sita, kila stakabadhi ihifadhiwe, na daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, ili hata asiyejua kusoma aijue fedha yake.

Kwenu wenyeviti na watendaji twaongeza neno moja. Sahihi yenu katika barua ya kikundi ni ushahidi. Kabla ya kuitia, nendeni mkalione banda, shamba au cherehani. Ni mwendo wa saa moja mlimani, nao waokoa fedha za kata nzima.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA BARAZANI

1. Halmashauri yako ikikusanya shilingi 600,000,000 za kuhesabiwa, fungu la kila kundi ni kiasi gani?
2. Kwa nini matuta yalikataliwa Matombo mwaka 1955, na kazi ya namna hiyo ikakubaliwa Kibungo Juu baadaye?
3. Mwanachama mmoja akifa kabla deni halijaisha, katiba yenu yasemaje?
4. Katika kijiji chenu, ni nani amelipa deni la kuku asiowala?