ETF kwa Akiba ya Uzeeni Kanada: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Aliyehamia Kanada, akafanya kazi na kutenga akiba kila mwezi, amekwisha kulivuka lililo gumu. Kinachoniuma ni kuona akiba hiyo ikiliwa na kodi, faini na ada ambazo zingeepukika. Wengi huanza kwa kuuliza wanunue ETF gani kabla ya kujua wataiweka kwenye akaunti gani. ETF ni mfuko wa uwekezaji ambao vipande vyake huuzwa na kununuliwa katika soko la hisa. Leo Kanada ina mifuko ya namna hiyo zaidi ya elfu moja, na mingi huihitaji. Shika yafuatayo.

MAMBO YA KUFANYA

1. Chagua akaunti kwanza, mfuko baadaye. Fedha iliyo ndani ya TFSA hukua bila kodi ya Kanada, na ukiitoa hulipi kodi. RRSP hukupunguzia kodi mwaka huu, lakini utailipa siku ya kutoa. FHSA ni ya nyumba ya kwanza: dola 8,000 kwa mwaka, 40,000 kwa maisha yote. Mwenye mshahara mdogo aanze na TFSA. RRSP humfaa zaidi mwenye mshahara mkubwa. Kama mwajiri wako huongeza fedha kila unapochangia akiba ya uzeeni, chukua mchango huo kabla ya lolote jingine.

2. Hesabu nafasi yako mwenyewe. Utasikia kwamba nafasi ya TFSA ilifika dola 102,000 mwaka 2025. Hiyo ni ya mtu aliyekuwa mkazi wa Kanada, tena mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, tangu akaunti hizo zianze mwaka 2009. Mtu mzima aliyefika kutoka Goma au Mombasa mwaka 2023 alikuwa na 6,500 za mwaka huo, 7,000 za 2024 na 7,000 za 2025: jumla 20,500, basi. Ukizidisha, unatozwa asilimia 1 ya kiasi kilichozidi kila mwezi mpaka ukitoe. Ukitoa fedha, nafasi yake hairudi mpaka Januari 1 ya mwaka unaofuata. Usitegemee tovuti ya mamlaka ya kodi peke yake, kwa maana taarifa zake huchelewa. Mali bila daftari huisha bila habari.

3. Nunua mfuko mmoja mpana. Mifuko ya XEQT na VEQT ni hisa tupu. XGRO na VGRO zina takriban asilimia 80 ya hisa na 20 ya hatifungani. XBAL na VBAL zina 60 kwa 40. Kila mmoja hukupa sehemu ya maelfu ya kampuni za Kanada, Marekani, Ulaya, Asia na kwingineko, na wasimamizi wake hurekebisha mizani wenyewe. Mwenye miaka ishirini mbele yake anaweza kubeba hisa nyingi. Anayekaribia kustaafu aongeze hatifungani.

4. Soma ada kabla ya kusoma jina. Mifuko niliyoitaja hutoza karibu asilimia 0.2 kwa mwaka. Mifuko mingi ya pamoja inayouzwa kwenye matawi ya benki hutoza karibu asilimia 2. Kwa akiba ya dola 50,000, hiyo ni tofauti kati ya dola 100 na dola 1,000 kila mwaka. Hutaletewa ankara, ada hukatwa ndani kwa ndani, soko lipande au lishuke.

5. Pima kodi ya zuio ya Marekani. Gawio la kampuni za Marekani hukatwa asilimia 15 kabla ya kukufikia. Ndani ya TFSA fedha hiyo hairudi. Ndani ya RRSP hukatwi, ila kwa sharti moja: mfuko wenyewe uwe umeorodheshwa kwenye soko la Marekani, kama VTI. Mfuko wa Toronto wenye hisa za Marekani hukatwa hata ukiwa ndani ya RRSP. Lakini kununua Marekani kunataka dola za Marekani, na madalali wengi huchukua zaidi ya asilimia 1 kwa kubadilisha fedha. Mwenye akiba ndogo abaki na mfuko wa Toronto.

6. Weka oda yenye kikomo cha bei, na uiweke soko likiwa wazi: kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, saa za Toronto.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usikimbilie gawio kubwa. Mfuko unaotangaza malipo ya asilimia 10 au zaidi kila mwaka mara nyingi umeuza nafasi yake ya kupanda soko linapopanda, au unakurudishia sehemu ya mtaji wako mwenyewe. Tazama faida yote kwa pamoja, bei na gawio.

2. Usiguse mifuko inayozidisha mwendo wa soko mara mbili. Soko likishuka kutoka 100 hadi 90 leo, kisha likarudi 100 kesho, mwenye mfuko wa kawaida hajapoteza kitu. Mfuko wa mara mbili hushuka hadi 80, kisha hupanda hadi 97.8 tu. Soko limerudi, fedha yako haijarudi.

3. Usirundike mifuko. Ukiwa na XEQT, kisha ukaongeza VFV ya hisa za Marekani na XIU, umenunua kampuni zilezile mara ya pili. XIU peke yake nayo haitoshi: ni kampuni 60 za Kanada, zikitawaliwa na mabenki, nishati na madini.

4. Usiweke kwenye hisa fedha ya karo, ya kodi ya nyumba, wala ile utakayotuma nyumbani. Kati ya Februari na Machi 2020 soko la Toronto lilianguka zaidi ya theluthi moja kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Lilipanda tena, lakini aliyelazimika kuuza Machi ile hakuambulia kupanda huko. Bima ya amana za benki haigusi ETF, na mfuko wa kulinda wawekezaji hukulipa dalali wako akifilisika, si bei ikishuka.

5. Usinunue mfuko mpana ukidhani hauna riba. XBAL ina hatifungani, na hata XEQT ina hisa za mabenki. Muislamu anayejiepusha na riba akague mfuko uliochujwa kisharia, kama WSHR, na akubali kwamba ada yake ni kubwa zaidi.

6. Usichangie TFSA baada ya kuhama Kanada. Ukirudi Dar es Salaam au Nairobi ukawa si mkazi tena kwa sheria ya kodi, mchango utakaoweka hutozwa asilimia 1 kila mwezi. Na ukitoa RRSP ukiwa nje, kwa kawaida Kanada huzuia asilimia 25. Panga hayo kabla ya kukata tiketi.

7. Usiuze kwa sababu umeogopa, wala usinunue kwa sababu jirani amenunua.

Akaunti inayokufaa, mfuko mmoja mpana, ada ndogo, mchango kila mwezi, na subira ya miaka: hayo yanamtosha mfanyakazi. Akija mtu kukuuzia zaidi ya hayo, muulize yeye analipwa kiasi gani ukikubali, na usitie sahihi mpaka akujibu kwa tarakimu.