Dhahabu ya akiba ukiwa Mugunga

Anayeishi Mugunga, kando ya barabara ya Goma kwenda Sake, anajua kwamba akiba yake huenda ikabidi ikimbie pamoja naye. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Mei 2021. Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, benki zilifunga milango. Na wazee hawajasahau 1993, zaire milioni 3, pesa za wakati huo, zilipogeuzwa kuwa zaire mpya 1. Basi kabla ya kuuliza bei ya dhahabu, jiulize nani atakayeinunua hapa hapa siku ya shida, na atakupunja kiasi gani.

Kwa kipimo hicho madini ya fedha yanaanguka mapema: ni mazito, thamani yake kwa gramu ni ndogo. Sarafu za kale nazo zina lao. Ile ya rupia 15 yenye tembo, waliyoipiga Wajerumani Tabora mwaka 1916, wakusanyaji wa Ulaya huilipia zaidi sana ya thamani ya dhahabu iliyomo. Sonara wa Goma ataitia kwenye mizani tu. Sarafu ya Krugerrand ya wakia moja, ya Afrika Kusini, ina gramu 31.1 za dhahabu, na huwezi kuikata ununue dawa ya mtoto.

Tafuta pete au mikufu ya gramu 2 au 3, karati 18 au 21, isiyo na nakshi nyingi, maana nakshi unailipia ukinunua na hulipwi ukiuza. Bei ya dunia ya wakia igawe kwa 31.1, kisha zidisha kwa 0.75 kama ni karati 18, upate bei ya gramu moja. Nenda dukani na namba hiyo kichwani.

Kisha ipime kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya elektroniki, irudishe sifuri, uning'inize pete kwa uzi izame bila kugusa glasi. Uzito wa pete kavu ugawe kwa namba inayotokea: karati 18 huleta 15 au 16 hivi, shaba haifiki 9. Pete yenye jiwe hukidanganya kipimo hiki.

Dhahabu mbichi ya Walikale au Lubero iache, hata ikiwa rahisi. Usafi wake huujui, na sheria ya madini inataka anayeinunua awe na kadi au kibali.

Usiweke akiba yote kwenye dhahabu. Wakia yake ilipita dola 1,900 mwaka 2011. Mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 1,100. Sehemu nyingine ibaki dola, noti mpya mpya, kwa sababu yenye mpasuko mdogo tu sokoni wataikataa.