Mikoko, Mchanga na Maji ya Mvua: Somo kwa Wakazi wa Kata ya Mbweni

Kata ya Mbweni iko kaskazini mwa Manispaa ya Kinondoni, baina ya Bahari ya Hindi na Mto Mpiji unaotenganisha Mkoa wa Dar es Salaam na Wilaya ya Bagamoyo. Wengi waliojenga huko katika miaka ya karibuni walifuata viwanja vipana, upepo wa bahari, miti na usiku usio na makelele. Wenyeji waliowatangulia, wavuvi miongoni mwao, walikaa hapo kwa sababu nyingine: bahari ndiyo shamba lao. Makundi haya mawili hukutana mara chache, lakini yanaishi kwa kutegemea kitu kimoja, nacho ni uzima wa pwani yenyewe.

Uzima huo sasa uko katika mizani. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Sensa ya mwaka 2022 ikaukuta una watu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni 1 katika miaka 10 limesukuma ujenzi kuelekea pembezoni, na sehemu tulivu zilizo karibu na bahari zimekuwa kivutio kikubwa. Somo hili linaeleza kazi ambazo mikoko, mchanga na udongo humfanyia mkazi bila malipo, na namna kazi hizo zinavyoweza kukoma kwa uamuzi unaofanywa ndani ya ukuta wa kiwanja kimoja.

Kazi ya mikoko

Katika bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3. Maji hayo huja na kurudi mara mbili kwa siku, na panapokuwa na mikoko hupita kwanza katikati ya mizizi. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa mizizi midogo inayochomoza kutoka kwenye tope kuelekea juu, na kwa mizizi hiyo mti huvuta hewa. Mlilana husimama upande wa bahari, ambako mawimbi hufika mwanzo. Kwa pamoja miti hii huvunja nguvu ya wimbi, hushika tope na huwapa kamba, kaa na samaki wachanga mahali pa kujificha hadi wakomae. Anayenunua kamba kwa wavuvi jioni ananunua mavuno ya msitu huo.

Mikoko haihitaji kukatwa ili ife. Kifusi kinachomwagwa ili kuinua ardhi ya kiwanja hufunika mizizi ya kuvutia hewa, na mti hukauka ukiwa umesimama. Ukuta unaozuia maji ya bahari yasiingie na kutoka huleta matokeo kama hayo. Mwenye kiwanja huweza kusema kwa haki kwamba hakugusa shoka, na bado msitu ukawa umekufa kwa mkono wake.

Safari ya mchanga

Ufuo hausimami mahali pamoja. Upepo wa kusi na wa kaskazi huendesha mawimbi yanayohamisha mchanga kando ya pwani mwaka mzima. Mchanga unaoondoka lazima ufidiwe na mwingine, na sehemu ya fidia hiyo huletwa na mito inayoshuka kutoka bara. Mchanga unapochimbwa kwenye mto na kupakiwa kwenye malori kwa ajili ya ujenzi, bahari hukosa mgao wake, nayo huendelea kuchukua kile kilichopo ufukweni.

Mfano wa karibu ni Kunduchi, kusini ya Mbweni. Huko mmomonyoko wa ufuo umekuwa ukila ardhi kwa miongo kadhaa, na uchimbaji wa mchanga katika mito inayoelekea huko ni miongoni mwa sababu zilizotajwa na watafiti. Ukuta wa zege unaojengwa mbele ya nyumba moja huweza kuilinda nyumba hiyo kwa muda, lakini wimbi lililozuiwa hapo hupeleka nguvu yake kwenye ncha za ukuta, na jirani asiye na ukuta ndiye anayepoteza ardhi.

Hesabu ya maji ya mvua

Kila milimita 1 ya mvua inayonyesha kwenye mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 kikipata mvua ya milimita 40 kwa siku moja, kimepokea lita 40,000, yaani maboza 4 ya lita 10,000. Ikiwa sehemu kubwa ya kiwanja ni majani, miti na udongo wa kichanga, kiasi kikubwa cha maji hayo huzama ardhini. Ikiwa uwanja wote umesakafiwa kwa zege hadi ukutani, karibu maji yote hutoka getini.

Mtaa wenye viwanja 30 vya namna hiyo humwaga barabarani lita 1,200,000, yaani maboza 120, katika siku hiyo moja. Maji hayo hayapotei. Mwenye kiwanja cha juu huona uwanja wake umekauka upesi na hufurahi. Wa kati huinua kizingiti cha geti. Wa chini, ambaye kwa kawaida ndiye aliye karibu na kijito au mikoko, huamka akikuta maji sebuleni. Hapo ugomvi wa majirani huanza, na mara nyingi hulaumiwa mvua.

Dawa yake haina gharama kubwa. Paa la mita za mraba 250 katika mvua hiyohiyo hukusanya lita 10,000. Mifereji ya paa na matangi 2 ya lita 5,000 yangeyapokea yote kama hayana maji, na bustani ingemwagiliwa kwayo wakati wa kiangazi. Kuacha sehemu ya uwanja bila zege, kupanda miti kando ya ukuta na kutofunika mfereji wa barabara mbele ya geti ni hatua ambazo kila kaya huweza kuzichukua.

Maji machafu

Nyumba isiyounganishwa na mfumo wa majitaka hutegemea karo na shimo la kufyonzea. Karibu na bahari, maji ya ardhini huwa juu, hasa wakati wa masika, na shimo lililojaa hukosa mahali pa kupeleka maji yake. Kutapisha choo mvua inaponyesha, kwa matumaini kwamba mafuriko yatabeba kila kitu, ni kupeleka maradhi ya kuhara kwa watu wa chini na uchafu kwenye mazalia ya samaki. Gari la kunyonya majitaka na liitwe kabla masika hayajaanza.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari, ukingo wa mto au ufuo wa ziwa la asili. Misitu ya mikoko nayo inalindwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kabla ya kujenga, mwenye kiwanja anatakiwa kuwa na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri.

Kwa hiyo, anayekusudia kununua kiwanja karibu na bahari au mto afanye mambo matatu kabla ya kutoa fedha: afike ofisi ya serikali ya mtaa kuulizia historia ya eneo, alinganishe kiwanja na ramani ya mipango miji katika ofisi ya ardhi, na akitembelee kiwanja hicho mara mbili, wakati wa bamvua na baada ya mvua kubwa. Maji yenyewe yatamwonyesha mpaka ambao muuzaji hakuutaja. Vilevile, njia ya kushukia pwani iliyochorwa kwenye ramani si sehemu ya kiwanja cha mtu, na kuifunga ni kumnyima mvuvi njia ya kazini kwake.

Anayeona kifusi kikimwagwa kwenye mikoko, mchanga ukichimbwa mtoni au kijito kikijengewa ukuta, atoe taarifa mapema kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata au afisa mazingira wa halmashauri. Msingi uliochimbwa leo ni rahisi kusimamishwa kuliko nyumba iliyoezekwa, na hasara ya kubomolewa huwa ndogo kwa kila upande.

Maswali ya kujadili katika kaya na mikutano ya mtaa

1. Maji ya mvua yanayotoka katika kiwanja chetu huelekea kwa nani?
2. Ni sehemu gani ya uwanja wetu inayoweza kuachwa bila zege?
3. Karo letu lilinyonywa lini kwa mara ya mwisho, na uchafu ulipelekwa wapi?
4. Mchanga tuliojengea ulichimbwa wapi?
5. Je, njia za kushukia pwani katika mtaa wetu ziko wazi?