Merikebu Iliyoungua

Merikebu Cutty Sark iliundwa Scotland, ikashushwa majini mwaka 1869. Ilichukua chai kutoka China, na baadaye sufu kutoka Australia, ikiendeshwa kwa upepo tu. Tangu mwaka 1954 imo katika gudi kavu huko Greenwich, mjini London, ili watu waitazame.

Alfajiri ya tarehe 21 Mei 2007 ilishika moto. Kulipokucha sitaha zilikuwa zimeteketea. Je, ifaa kutengenezwa, au ndio mwisho wake?

Mwenye kutazama kwa mbali aliona makaa na moshi, lakini fundi hahukumu kwa moshi. Mbao za merikebu hiyo zimefungwa juu ya mataruma ya chuma. Chuma kikipata moto mkali mno hulegea na kupindana, na taruma lililopindana haliwezi kushika umbo la chombo. Basi neno la kwanza lilikuwa kuyakagua mataruma, nayo mengi yakaonekana yangali imara. Tena matengenezo yalikuwa yamekwisha kuanza kabla ya moto, hata milingoti na mbao nyingi zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa mahali pengine. Hizo zilisalimika.

Ni kweli, sitaha ya sasa si ile waliyoikanyaga mabaharia wa chai. Lakini merikebu yo yote hubadilishwa mbao na matanga katika maisha yake, wala haiitwi nyingine.

Kazi ilichukua miaka. Tarehe 25 Aprili 2012 Malkia Elizabeth II aliifungua tena, nayo imeinuliwa hata wageni hupita chini ya mkuku wake.