Tiketi Rahisi, Safari Ghali: Mwongozo kwa Msafiri wa Kasulu na Kibondo

Mtu wa Kasulu au Kibondo anayenunua tiketi ya ndege kwa simu ananunua kipande tu cha safari yake. Viwanja vidogo vya wilaya hizi vimezoea ndege za mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi. Abiria wa kawaida huenda kupandia Kigoma mjini, karibu kilometa 100 kutoka Kasulu na zaidi ya 200 kutoka Kibondo, au huzungukia Nyakanazi na Geita hadi Mwanza. Kosa ambalo mkazi wa Dar es Salaam hulimaliza kwa kupanda bajaji hadi ofisi ya shirika la ndege, huku kwetu linakula nauli ya basi, pesa ya gesti, siku za kazi, na mara nyingine tiketi nzima.

Wengi wanaopoteza fedha wanajua vizuri kutumia simu. Kinachowaponza ni kulipa kabla ya kusoma mambo machache yaliyo palepale kwenye skrini. Tuyapitie moja moja, tukianza na yale yenye hasara kubwa.

Saa na tarehe

Tiketi nyingi huandikwa kwa saa 24, kuanzia 00:00 usiku wa manane. Ukiona 07:20, hiyo ni saa moja na dakika ishirini asubuhi. Ukiona 13:40, ni saa saba na dakika arobaini mchana. Kanuni ya kugeuza ni hii: kuanzia 0 hadi 6, ongeza 6, kuanzia 7 hadi 18, toa 6, kuanzia 19 kwenda juu, toa 18.

Hatari kubwa iko kwenye ndege za usiku wa manane, nazo ni nyingi kwa wanaokwenda Ulaya na nchi za Ghuba. Tuseme tiketi ya kutoka Dar es Salaam imeandikwa tarehe 15 Agosti, 01:30. Hiyo ni saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Abiria anatakiwa awe uwanjani tarehe 14, saa nne na nusu usiku. Aliyeona tarehe 15 akajipangia kuingia Dar mchana wa siku hiyo, atakuta ndege ilishaondoka na imeshatua iendako. Basi lake kutoka Kibondo nalo lilitakiwa kuondoka siku nyingine kabisa.

Tukisema "usiku wa Jumamosi", mmoja huelewa usiku wa kuamkia Jumamosi na mwenzake usiku wa kuamkia Jumapili. Kwa hiyo usimsimulie ndugu anayekuja kukupokea. Mtumie picha ya tiketi asome mwenyewe. Angalia pia tarehe zilizoandikwa kwa tarakimu tupu. Tovuti za Kimarekani hutanguliza mwezi, hivyo 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi, wakati kwetu ni tarehe 3 Aprili. Usilipe mpaka uone jina la mwezi limeandikwa kwa herufi.

Kwa wanaopita Manyovu kwenda kupandia ndege Bujumbura, Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja, na kila muda kwenye tiketi ni wa mahali kiwanja kilipo. Anayetoka huku kwenda huko atafika mapema. Anayetoka Burundi kuja kupandia Kigoma ndiye anayeachwa na ndege.

Kigoma na Kigali

Ukiandika herufi tatu za mwanzo, "Kig", kwenye kisanduku cha kutafuta safari, programu inaweza kukuletea Kigoma na Kigali zikiwa zimepangana, na kidole kikateleza. Hakikisha kwa alama ya kiwanja: Kigoma ni TKQ, Kigali ni KGL. Nyingine za kukariri ni DAR kwa Dar es Salaam, MWZ kwa Mwanza, TBO kwa Tabora na JRO kwa Kilimanjaro.

Ukifika Kiwanja cha Julius Nyerere, fahamu kwamba jengo la tatu, lililoanza kazi mwaka 2019, lilijengwa kwa ajili ya safari za kimataifa na liko mbali na jengo la pili. Soma kwenye tiketi utashukia jengo gani na utapandia lipi, ujue muda wa kuhama na mizigo.

Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho

Penye "Surname" au "Last name" jaza jina la ukoo. Penye "Given names" au "First name" jaza majina mengine yote. Kwa safari ya nje, nakili herufi kwa herufi kutoka kwenye pasipoti, si kutoka kwenye cheti cha shule wala jina unaloitwa mtaani. Majina ya huku kwetu huandikwa kwa namna zaidi ya moja: penye l mwingine anaweka r, penye "nyi" mwingine anaweka "ni". Kwa karani wa kaunta hao ni watu wawili tofauti.

Herufi moja ukiiwahi mapema, mashirika mengi huirekebisha bila shida au kwa ada ndogo. Lakini jina zima la mtu kwa kawaida halibadilishwi. Tiketi si mali ya kumpa ndugu asafiri badala yako. Kwa safari za ndani, kama una namba ya NIDA tu bila kadi yenyewe, beba kitambulisho kingine chenye picha: kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti. Kwa safari za nje, angalia tarehe ya pasipoti kuisha kabla hujatoa hata shilingi, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa angalau miezi sita. Uliza pia kuhusu viza, ikiwemo ya nchi unayopita tu kubadilisha ndege, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukizuiwa kaunta kwa kukosa karatasi hizo, shirika halina deni kwako.

Tiketi moja au mbili

Mtu akinunua Kigoma hadi Dar kwa shirika moja, na Dar hadi Dubai kwa shirika jingine, kila tiketi kivyake, mashirika hayo hayajuani. Ndege ya Kigoma ikichelewa, ile ya Dubai haimsubiri na fedha harudishiwi. Ndege za Kigoma si za kila saa, na zipo zinazopitia mji mwingine kabla ya kufika. Mwenye tiketi mbili aweke usiku mzima katikati. Chumba kimoja Dar ni rahisi kuliko tiketi mpya ya kimataifa.

Mwenye tiketi moja ya safari nzima ana kinga zaidi: akicheleweshwa kipande cha kwanza, shirika ndilo linalomtafutia ndege nyingine. Ila tiketi hiyo ina sharti ambalo wengi hawalijui. Lazima uanzie pale ilipoanzia. Kuna anayenunua Kigoma–Dar–Dubai, kisha kwa sababu ya mizigo au msiba njiani akaamua kupanda basi au treni hadi Dar, akiamini ataidaka ndege ya pili. Akifika kaunta anaambiwa nafasi yake imefutwa, kwani asiyeonekana kwenye kipande cha kwanza hufutiwa vyote vinavyofuata, pamoja na kurudi. Mipango ikibadilika, wasiliana na shirika kabla ndege ya kwanza haijaruka.

Kama unatoka Kibondo, piga hesabu ya Kigoma na Mwanza zote mbili kabla ya kuchagua. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilipofunguliwa Juni 2025, njia ya Mwanza haina tena foleni ya kivuko. Jumlisha nauli ya basi, chakula na malazi kwenye kila bei ya tiketi. Mara nyingine tiketi iliyozidi kwa elfu arobaini ndiyo inayokufikisha kwa gharama ndogo.

Bei ya mwanzo na bei ya mwisho

Shirika la fastjet lilipoanza safari Tanzania Novemba 2012, lilitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000. Bei hiyo ilikuwa kabla ya kodi na tozo, na begi la kupakiwa lililipiwa peke yake. Utaratibu huo haukuwa wizi, lakini asiyesoma alishtuka mwishoni. Mtindo wenyewe umeenea duniani. Bei ya kulinganisha ni ile ya ukurasa wa mwisho, baada ya kodi, tozo za uwanja, begi na kiti.

Hapo ndipo mizigo ya Kigoma inapoingia. Tunasafiri na dagaa, migebuka, asali na mawese. Soma kilo ulizopewa na idadi ya mabegi, maana kilo zinazolipiwa mtandaoni mapema huwa nafuu kuliko zinazolipiwa kaunta. Mawese na asali huhesabiwa kama vimiminika: kwenye begi la mkononi la safari ya kimataifa haviruhusiwi vikizidi chombo cha mililita 100. Dumu la mawese usilifikishe uwanjani kabla ya kuliuliza shirika kama linalipokea na lifungweje. Samaki mkavu anayetoa harufu naye anahitaji kufungwa barabara.

Tiketi zenye neno "Non-refundable" hazirudishiwi nauli. Ukiahirisha safari, ifute kabla ya muda wa kuruka, kisha uliza kodi na tozo zipi unaweza kurudishiwa. Watu wengi huziacha kwa kutojua kwamba zinadaiwa. Ndugu walioko Marekani wanaowanunulia wazazi tiketi za kwenda huko nao wana nafasi ya kujirekebisha: kwa tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwa shirika, siku 7 au zaidi kabla ya safari, sheria ya huko hulitaka shirika liruhusu ama kushikilia bei au kufuta bila adhabu ndani ya saa 24.

Malipo na matapeli

Ukichagua kulipa kwa simu, mfumo hukupa namba ya malipo na muda wa mwisho. Muda ukipita, nafasi inafutika na bei inaweza kupanda. Kwa hiyo weka salio la kutosha, pamoja na makato, kabla ya kuanza. Mtandao ukikatika katikati, usirudie haraka. Soma ujumbe wa muamala, angalia salio, kisha fungua nafasi yako uone kama imelipiwa. Kulipa mara mbili ni dakika moja, kurudishiwa ni wiki kadhaa.

Kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la anayelipwa. Likitokea jina la mtu binafsi wakati unadhani unalipa shirika la ndege, acha papo hapo. Usichukue namba ya huduma kwa wateja kutoka kwenye tangazo au kundi la WhatsApp. Ichukue kwenye tovuti ya shirika uliyoiandika mwenyewe.

Tapeli hupenda kutuma karatasi nzuri yenye nembo na alama sita za herufi na tarakimu. Alama hizo huonyesha tu kwamba nafasi imeshikwa, hata kama hakuna aliyelipa. Tiketi iliyolipwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: Air Tanzania 197, Kenya Airways 706, Ethiopian 071, Emirates 176. Usiridhike na kuiona kwenye karatasi. Fungua tovuti ya shirika, weka zile alama sita na jina la ukoo, uone safari ikiwa imethibitishwa. Kijana aliyeahidiwa kazi Muscat au Dubai na kuonyeshwa "tiketi" kwenye simu afanye hivyo kabla ya kutoa senti ya "kumalizia viza". Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040, kisha ripoti polisi.

Simu na barua pepe ya nani?

Wengi hukatiwa tiketi kwenye duka la steshenari au kwa wakala, na mhudumu, ili kuokoa muda, hujaza namba na barua pepe yake mwenyewe. Shirika likibadilisha muda wa ndege, taarifa inakwenda kwake. Yeye ana wateja wengi, huenda asiione, na wewe unateremka hadi Kigoma kuifuata ndege iliyoondoka asubuhi. Mwambie aweke namba yako, na barua pepe yako au ya mwanao. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako, na usiache picha ya kadi ya benki kwenye kompyuta ya duka.

Kama kadi iliyolipa ni ya ndugu, uliza mapema, maana yapo mashirika yanayotaka kuona kadi hiyo kaunta.

Mambo yakiharibika

Desemba 2018 fastjet Tanzania ilisitisha safari, huku Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikiwa imeipa notisi ya kusudio la kuifutia leseni. Waliokuwa wameshanunua tiketi za sikukuu walibaki kutafuta usafiri mwingine na kudai fedha zao. Katika hali kama hiyo husaidika kwanza mwenye karatasi: risiti, namba ya tiketi, ujumbe wa muamala na mawasiliano yote. Vihifadhi mahali pawili, kwa kuwa simu huibiwa na huzima chaji.

Anza madai kwa uliyemlipa. Kama ulinunua kwa wakala, shirika mara nyingi litakurudisha kwake. Andika, usiishie kupiga simu, na omba namba ya lalamiko. Shirika lisipokujibu ipasavyo, peleka shauri TCAA au kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kumtetea abiria.

Jioni kabla ya kupanda basi, fungua tena nafasi yako kwenye tovuti ya shirika uone kama muda umebaki uleule. Ukibadilika ungali nyumbani, unapoteza usingizi tu. Ukibadilika umeshafika Kigoma, gesti unalipa wewe.