Namna ya kuuliza ordinatere juu ya muayeni



Tulitaka kutoa liste ya wale wenye pointi chini ya muayeni, waitwe kwa masomo ya magaribi. Tukaandika kwa SQL: WHERE pointi < AVG(pointi). Ordinatere ikakataa. Kumbe haki ilikuwa yake: WHERE inapima mtu mmoja mmoja, lakini AVG inataka wote wakusanyike kwanza. Basi hesabu ya wote tunaifungia ndani ya mabano, na SELECT yake yenyewe. Inatoa jibu moja, ndilo WHERE inatumia:

SELECT jina FROM matokeo
WHERE pointi < (SELECT AVG(pointi) FROM matokeo);

Sasa angalieni sana. Tuseme watatu walipata 40, 50 na 60, wa ine alikuwa mgonjwa. Nafasi yake ikibaki tupu, ndiyo NULL, AVG inamuruka: 150 kwa 3, ni 50. Yule wa 40 anaitwa. Lakini sisi maprefe tulimwandikia 0! 150 kwa 4 ikawa 37,5. Wa 40 akapita bila msaada, mgonjwa ndiye akaitwa. Alilia, na tulimwomba radhi.

Tena, kila mtu apimwe na klasi yake, wa kwanza wasipimwe na wa sita:

SELECT m.jina FROM matokeo m
WHERE m.pointi < (SELECT AVG(n.pointi) FROM matokeo n
WHERE n.klasi = m.klasi);

Hapa mabano yanamfuata mwanafunzi: muayeni ni ule wa klasi yake tu. Liste mpya iko kwa mlango wa chumba cha kulia.