Doa jeupe kwenye jicho la ng'ombe: kovu au ugonjwa?



Juzi kijana mmoja alinipigia simu, anataka kumuuza mtamba wake kwa bei ya kuchinja. Ana doa jeupe jichoni, na jirani kamwambia ni ugonjwa, utaenea banda zima. Alishampaka antibiotiki wiki mbili, doa liko palepale. Nilipofika nikakuta jicho kavu na limetulia. Lilikuwa kovu la zamani, pengine la mwiba au bua. Dawa haiondoi kovu. Tukaokoa mtamba mzima wa maziwa.

Sasa, utatofautishaje?

1. Kovu la zamani: mara nyingi ni jicho moja. Doa jeupe, kingo zake zinaonekana. Hakuna machozi wala tongotongo, na jicho linafunguka vizuri hata juani. Doa halibadiliki.

2. Ugonjwa wa macho wa kuambukiza: unaletwa na bakteria, na nzi ndio wasambazaji wakubwa. Machozi yanalowesha shavu, jicho ni jekundu, mnyama analifumba akikwepa mwanga. Weupe kwa kawaida huanzia katikati. Ndama huathirika zaidi.

3. Ugonjwa unaotoka kwa nyumbu: walio jirani na hifadhi wauangalie sana huu. Macho yote mawili hupata ukungu kuanzia pembeni kwenda katikati, pamoja na homa kali na makamasi mazito. Piga simu kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Kama jicho limetulia ila una wasiwasi, lipige picha leo, urudie baada ya siku tatu, ulinganishe. Lakini ukiona machozi, wekundu, maumivu au kinyama kinachoota, usisubiri. Mtenge mnyama kivulini, dhibiti nzi, muite daktari. Usijipakie dawa yenye steroidi: kama kuna kidonda, jicho linaweza kutoboka. Chumvi, sukari na tumbaku pia hapana jamani. Na ukitumia antibiotiki, heshimu siku za kutouza maziwa.

Mnadani nako, muuzaji akikwambia "huo ni mwiba tu wa zamani", usibishane naye. Msogeze mnyama juani, angalia shavu, angalia na jicho la pili. Kama ni kovu kweli, punguza bei, mnunue. Ng'ombe wa jicho moja anakamuliwa kama wengine, ila msogelee kwa upande anaoona.